PDF, ukurasa wa tovuti au WhatsApp: maarifa ya kiufundi yachapishwe wapi?

Bwana shamba wa Rungwe ana mwongozo wa kupandikiza (kubebesha) miche ya parachichi. Mhadhiri wa uhandisi Iyunga ana maelekezo ya mazoezi ya maabara. Fundi wa pampu za sola Mbarali ana maelezo ya ufungaji yenye michoro ya nyaya. Wote watatu wanauliza swali moja: niyaweke wapi mtandaoni, na niyaandike kwa kutumia nini? Jibu wanalopata mara nyingi hutegemea aliyeulizwa amezoea nini. Mwenye mazoea ya WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, atawaambia WordPress, na anayeshinda kwenye Word atawaambia waandike, wageuze kuwa PDF, kisha watume kwenye makundi.

Mimi naanza na swali jingine, nalo ndilo nililotumia kupima kila njia hapa chini: kosa likigundulika baada ya maelezo kufika kwa watu, litasahihishwaje?

Chukua mwongozo wa kudhibiti bakajani chelewa kwenye viazi mviringo. Ugonjwa huu huletwa na Phytophthora infestans, kimelea kilekile kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Kinapenda baridi na unyevu, na mkulima wa Uporoto au Njombe anajua hali hiyo haikosekani kwetu. Mwongozo kamili una kila kinachomsumbua mchapishaji: picha za majani yenye madoa, jedwali la vipimo vya dawa, hesabu na maonyo ya usalama.

Sasa tuseme jedwali linataja gramu kwa bomba moja bila kusema bomba la lita ngapi. Mwandishi alikuwa akifikiria la lita 15, mkulima analo la lita 20. Kipimo kilekile kikiingia kwenye bomba kubwa, dawa inapungua nguvu kwa robo nzima. Majani yanaendelea kuungua, mkulima anaongeza mizunguko ya dawa ileile. Kwa dawa kama metalaxyl hilo ni hatari, kwa kuwa kuitumia mfululizo bila kubadilisha ndiko kulikozaa usugu wa kimelea hiki katika nchi kadhaa tangu miaka ya 1980. Tena haya yote yameanzia kwenye neno moja lililosahaulika katika kichwa cha safu ya jedwali.

Kama mwongozo uko kwenye ukurasa wa tovuti, unarekebisha safu hiyo asubuhi, na anayefungua mchana anakuta kipimo sahihi kupitia kiungo kilekile alichotumiwa mwezi uliopita. Kama ulisambazwa kwa PDF, nakala za zamani zimeshalala kwenye simu za watu. Utatuma toleo la pili, lakini la kwanza litaendelea kupita mkono kwa mkono. WhatsApp ni ngumu zaidi. Tangu 2023 inaruhusu kuhariri ujumbe, ila ndani ya dakika 15 tu tangu uutume, na nakala ambazo wengine wameshazisambaza hazibadiliki. Hata ukiufuta ujumbe wako kwa wote, zile nakala zinabaki.

Kwa ufupi, miundo mitatu inakaa hivi:

| | Kusahihisha | Kusoma kwenye simu | Bila mtandao |
|---|---|---|---|
| Ukurasa wa tovuti | Rahisi, mahali pamoja | Vizuri | Mpaka uhifadhiwe |
| PDF | Vigumu ikishasambaa | Kwa tabu | Vizuri |
| Ujumbe wa WhatsApp | Dakika 15 | Vizuri ukiwa mfupi | Vizuri |

PDF ina mahali pake, na mahali hapo ni karatasi

Adobe walitoa PDF mwaka 1993 wakitaka ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine na utoke hivyo hivyo kwenye printa. Mwaka 2008 ukawa muundo wa kimataifa wa ISO, shirika la viwango. Kazi hiyo bado inaifanya vizuri kuliko muundo wowote. Ukitaka nakala ishirini za kubandika ofisi za vijiji, au kijitabu cha kugawa kwenye mkutano wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), peleka PDF steshenari ya Mwanjelwa au Kabwe nayo itatoka kama ulivyoipanga. Ukipeleka faili la Word, fonti inaweza kubadilika kwenye kompyuta yao na jedwali likavunjika katikati.

Tabu inaanza PDF hiyohiyo inapofunguliwa kwenye simu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, na kioo cha simu ya kawaida ni kama milimita 70. Herufi za saizi 11 zinasinyaa hadi karibu saizi 4. Msomaji anavuta kwa vidole, anasogeza kushoto na kulia, na kwenye jedwali la vipimo anapoteza mstari: anasoma jina la dawa moja na kipimo cha dawa nyingine. Kwa maelezo ya kawaida huo ni usumbufu. Kwa viuatilifu ni jambo la kuumiza mtu au shamba lake.

Kama huna budi kutuma PDF kwenye simu, ipange kwenye A5 kwa herufi za saizi 14. Maandishi yataonekana karibu maradufu ya yale ya A4. Weka chini ya kila ukurasa tarehe ya toleo na anwani ya mahali toleo jipya linapopatikana. Usiiweke kwenye jalada peke yake, maana watu hupiga picha ukurasa mmoja wanaouhitaji na kuutuma peke yake.

Kuna aina moja ya PDF ambayo nawasihi wenzangu waiache kabisa: karatasi iliyoskaniwa au kupigwa picha. Kwa programu nyingi hiyo ni picha tupu. Humo huwezi kutafuta neno, simu ya asiyeona haiwezi kuisoma kwa sauti, na uzito wake unakula bando la mkulima kwa maandishi ambayo kama yangechapwa yasingefika hata kilobaiti ishirini.

Ukurasa wa tovuti unabeba mengi zaidi ya watu wanavyodhani

HTML, lugha inayoandikia kurasa za tovuti, ni kazi ya Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, na tovuti ya kwanza ilikuwepo mwaka 1991. Ubora wake kwa msomaji wetu ni kwamba maandishi yanajipanga upya kufuata upana wa kioo. Maneno elfu mbili ya Kiswahili ni kama KB 15 tu. Kinachoulemeza ukurasa ni picha: ya simu ya leo huwa na MB tatu au nne, nawe ukiweka sita umeshamaliza subira ya mtu aliye Makete kwenye mtandao wa kusuasua. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1,000 na uihifadhi kwa muundo wa picha wa WebP au JPEG. Mara nyingi inashuka chini ya KB 150, na madoa ya bakajani bado yanaonekana sawasawa.

Kwa msimbo wa kompyuta, ukurasa wa tovuti hauna mpinzani. Mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, anayenakili msimbo wa Python kutoka kwenye PDF mara nyingi hukuta nafasi za mwanzo wa mistari zimepotea, na kwenye Python nafasi hizo ni sehemu ya lugha, hivyo programu haitembei. WhatsApp nayo huchukua alama za nyota na mistari ya chini kuwa amri za kukoleza na kuinamisha herufi, kwa hiyo jina la kigeu linaweza kufika limebadilika sura. Ndani ya HTML kuna sehemu maalumu ya msimbo ambayo huacha nafasi na mistari kama ulivyoiandika.

Hesabu pia zimepata unafuu. Zamani mhadhiri alikuwa akipiga picha fomula na kuibandika. Leo anaandika kwa alama za LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi na hesabu, na programu za MathJax au KaTeX zinaichora ndani ya ukurasa. Chrome nayo inasoma yenyewe MathML, lugha ya kuandikia hesabu kwenye tovuti, tangu mwanzoni mwa 2023.

Udhaifu wake mkubwa ni mtandao. Chrome ya Android inaweza kuhifadhi ukurasa usomwe baadaye, ila wengi hawajawahi kugusa kitufe hicho. Kwa hiyo kwenye mafunzo ya ana kwa ana, waonyeshe washiriki namna ya kuhifadhi ukurasa wakiwa bado mjini. Ni jambo la dakika mbili.

WhatsApp iwe mlango

Watu wako huko, na anayechapisha bila kujali hilo atasomwa na wachache. Lakini ujumbe wa WhatsApp ufanye kazi ya kuita: sentensi tatu za jambo la kufanya wiki hii, kisha kiungo cha ukurasa wenye vipimo. Vipimo vyenyewe visiwe ndani ya ujumbe. Mwenye kuhitaji kipimo afuate kiungo, ambako kuna kipimo cha leo.

Sehemu moja WhatsApp inashinda zote: sauti. Mama wa Tukuyu ambaye Kiswahili cha maandishi kinamchosha atasikiliza maelezo ya dakika mbili kwa Kinyakyusa na kuyaelewa vizuri kuliko ukurasa wowote nitakaouandika. Sijaona taasisi nyingi zinazoitumia nafasi hiyo kwa bidii inayostahili. Rekodi kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kinyiha. Eleza dalili, wakati wa kunyunyiza na jinsi ya kujikinga. Kisha waelekeze kwenye lebo ya dawa na kwa bwana shamba kwa habari ya kipimo.

Video nazigusia kwa haraka. Kupandikiza mche kunahitaji macho: jinsi kisu kinavyolala, jinsi gamba la kikonyo (kijiti kinachobebeshwa) na la shina yanavyokutana. Hapo video fupi inafaa sana. Ila YouTube haikuruhusu kubadilisha video ukabaki na kiungo kilekile, hivyo namba ziwekwe kwenye maandishi ya maelezo na si mdomoni mwa msemaji.

Kuandikia wapi: Word au maandishi matupu?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Word wanaijua wote, na mtafiti wa TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo) atakayekupitia andiko lako atataka kuweka maoni pembeni kama alivyozoea. Hiyo ni sababu nzito. Lakini Word hubadilisha alama za nukuu zilizonyooka kuwa za kupinda, na msimbo ukipita humo unaharibika. Kwa Kiswahili tatizo ni zaidi ya msimbo: neno kama ng'ombe huandikwa kwa kistari cha juu, na kwenye baadhi ya programu anayetafuta kwa alama iliyonyooka haoni iliyopinda. Ukinakili kutoka Word kwenda kwenye tovuti, mara nyingi unabeba pia takataka za mpangilio zisizoonekana kwa macho, na baadaye unashangaa kwa nini aya moja ina fonti yake peke yake.

Markdown ilianzishwa na John Gruber mwaka 2004. Ni maandishi matupu yenye alama chache: reli mbele ya kichwa cha habari, kistari mbele ya kila kipengele cha orodha, nyota kuzunguka neno la kukoleza. Faili lake hufunguka kwenye simu yoyote na kompyuta yoyote, hata ile kuukuu ya ofisi ya kata. Nguvu yake inaonekana ukiiunganisha na Pandoc, programu ya bure ambayo John MacFarlane aliitoa mwaka 2006. Kutoka faili moja la Markdown, Pandoc hukupa HTML ya tovuti, Word ya mtafiti wa Uyole, EPUB (kitabu cha kusomea kwenye simu), na PDF ya steshenari ukiwa na LaTeX au programu nyingine ya kutengenezea PDF. Kosa la bomba la lita 15 linasahihishwa kwenye faili moja, na miundo yote inatoka upya ikiwa sahihi. Ofisi inayoweka Word moja ya kuchapa, nyingine ya tovuti na ya tatu kwa ajili ya makundi itajikuta siku moja na vipimo vitatu tofauti.

Ina upungufu wake. Majedwali yenye seli zilizounganishwa hayawezekani kwa Markdown ya kawaida, inabidi uandike HTML. Maoni ya mhakiki yaliyo kwenye Word utayahamisha kwa mkono. Bado naichagua kwa mwongozo wowote utakaoishi zaidi ya msimu mmoja.

Kwa barua ya mwaliko wa mafunzo au muhtasari wa kikao, tumia Word bila wasiwasi. Google Docs inafaa kuanzia: kiungo ni kimoja na masahihisho yanaonekana papo hapo, ingawa kwenye simu dhaifu hufunguka kwa uzito.

WordPress, Blogger au Hugo

WordPress ipo tangu 2003, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia. Mwandishi haandiki msimbo. Wafanyakazi watano wanaweza kupewa akaunti tano zenye madaraka tofauti, na kila mmoja anaweza kuchapisha akiwa na simu tu, kwenye kiti cha Coaster kati ya Mafinga na Iringa. Kwa taasisi yenye mtu wa TEHAMA na bajeti ya kila mwaka, ni chaguo zuri.

Shida ni pale mtu huyo anapokosekana. Ukiiendesha kwenye seva yako, WordPress ni PHP (lugha ya programu), hifadhidata, na plagini, yaani vijiprogramu vya nyongeza, ambazo kila moja inahitaji kusasishwa. Plagini moja ikiachwa bila matunzo, wavamizi wanapita hapo. Mtumishi aliyeijenga anahamishwa kituo, nywila inaondoka naye, ada ya seva haijalipwa, na mwongozo ambao wakulima walikuwa wakiutegemea unageuka matangazo ya kamari au ukurasa mweupe. Kwa hiyo nasema wazi: bwana shamba mmoja anayejitegemea afadhali Blogger kuliko WordPress isiyo na mtunzaji. Blogger ilianza 1999, Google wakainunua 2003. Haijabadilika sana, majedwali yake si mazuri, lakini ni bure, masasisho ni kazi ya Google, na inakubali kikoa (jina la anwani ya tovuti) chako mwenyewe.

Hugo, iliyotoka 2013, ina njia nyingine kabisa. Unaiweka kwenye kompyuta yako. Inachukua folda ya faili za Markdown na kuzigeuza tovuti nzima ya HTML, kisha unapandisha matokeo tu. Kwenye seva hakuna hifadhidata wala plagini ya kuvamiwa. Unaweza kuandika na kuiona tovuti yote ukiwa kijijini bila mtandao, halafu ukifika mjini unapandisha kwa dakika chache. GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, inaihifadhi bure ikiwa faili zako ziko wazi kwa umma, na ukomo wa tovuti ni GB 1, nafasi inayotosha miongozo mingi mno ikiwa picha zimepunguzwa.

Kinachonivuta zaidi kwake ni kumbukumbu. Folda hiyo ya Markdown ukiitunza kwa Git, programu ya kutunza matoleo ambayo Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005, inahifadhi kila badiliko unalolisajili: nani alibadilisha kipimo, lini, na kilikuwa kipi kabla. Mkulima akiuliza kwa nini mwezi uliopita aliona namba nyingine, unampa jibu lenye tarehe. Kwa maarifa yanayogusa sumu na umeme, kumbukumbu hiyo ni sehemu ya uaminifu wetu kwa msomaji.

Bei yake ni mafunzo. Utaandika amri kwenye kioo cheusi, na ujumbe wa makosa huja kwa Kiingereza. Mtu mmoja anayeijua hatoshi, wawe wawili angalau, la sivyo uhamisho uleule ulioiua WordPress utaiua na hii.

Kwa wale watatu wa mwanzo, basi. Mhadhiri wa Iyunga achukue Markdown na Hugo. Ana wanafunzi wa kumsaidia, ana msimbo na fomula, na atakayeshika somo baada yake atarithi folda nzima. Bwana shamba wa Rungwe aandike Markdown au Google Docs, achapishe Blogger, apeleke kiungo na sauti kwenye makundi, na atoe PDF ya A5 kwa ofisi za vijiji. Fundi wa Mbarali aanze na ukurasa mmoja tu wa Blogger, michoro ya nyaya akiihifadhi kwa PNG badala ya JPEG ili mistari isiwe na ukungu, na kwenye kila pampu anayofunga abandike QR inayofungua ukurasa huo.

Kabla ya kuchapisha kuna mawili ya kushughulikia. Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizobadilishwa 2020 na 2022. Uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama unachotaka kuchapisha kinahitaji leseni, usitegemee maneno ya mtaani. La pili ni kikoa. Ukisajili cha .tz, kisajiliwe kwa jina la taasisi au kikundi, kwa barua pepe ya ofisi inayofunguliwa na zaidi ya mtu mmoja, na tarehe ya kulipia iandikwe kwenye kalenda ya mhasibu.